Maneno Uliyoandika Yako Wapi? Somo la Kompyuta na Diski Yake

Wasomaji wa gazeti letu, nia yangu katika kurasa hizi ni kueleza safari ya maneno tangu yanapopigwa katika kompyuta mpaka yanapokaa juu ya diski. Watu wengi, na hata sisi tunaosoma somo hili darasani, hudhani ya kuwa programu ikisema "andika" basi neno limekwisha andikwa, kama vile wino unavyokauka juu ya karatasi. Sivyo. Kati ya programu na diski mna mikono mitatu au minne, na kila mmoja hupenda kukaa na mzigo kwa muda kabla ya kuupitisha mbele. Asiyejua habari hii aweza kupoteza kazi ya siku nzima, au kumdhania mwenziwe uwongo. Jambo hili la pili lilitokea hapa shuleni muhula huu, nami nitalisimulia mahali pake.

Masomo haya twayapata kwa Kiingereza, lakini gazeti hili husomwa na wazazi wetu pia, kwa hiyo nitajitahidi kutumia Kiswahili kitupu, na palipo na jina la amri ya kompyuta nitaliacha kama lilivyo.

Tuanze na diski yenyewe. Diski ya kwanza ya kompyuta kuuzwa ilitolewa na kampuni ya IBM ya Marekani mwaka 1956, katika mashine iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, nazo zote pamoja zilichukua herufi milioni 5 tu. Leo diski ndogo iingiayo mfukoni yachukua mara elfu nyingi ya hizo. Lakini tabia moja haikubadilika: diski haipokei herufi moja moja. Hupokea kipande kizima kwa mara moja. Kwa miaka mingi kipande hicho kilikuwa cha baiti 512, na diski nyingi za siku hizi hutumia baiti 4,096. Baiti moja, kwa wasiojua, ni nafasi ya herufi moja ya kawaida ya Kiswahili. Basi ukitaka kubadili herufi moja tu, sharti kipande kizima kisomwe, herufi ibadilishwe, kisha kipande kizima kiandikwe tena.

Tena diski ni mvivu ukiilinganisha na ubongo wa kompyuta. Diski ya sahani iendayo mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, yaani mzunguko mmoja huchukua kama sehemu 8 za elfu ya sekunde. Hufikiri ni muda mfupi? Kompyuta yenye mapigo bilioni 2 kwa sekunde hupiga mapigo zaidi ya milioni 16 wakati sahani inazunguka mara moja. Ni kama mtu aliyemtuma mtoto dukani, akalima shamba lote na kuvuna, na mtoto hajarudi. Diski mpya zisizo na sahani zina mwendo mkubwa zaidi, ila nazo zina taabu yake, kwa maana haziwezi kuandika juu ya maandishi ya zamani mpaka zifute kwanza eneo kubwa kwa pamoja.

Kwa sababu hiyo watu waliotunga lugha za programu waliona hapana budi kuweka ghala dogo njiani. Ghala hilo mafundi huliita bafa. Mfano wake ni maji ya kisimani. Hakuna mtu mwenye akili aendaye kisimani na kikombe, akarudi, akaenda tena. Huchukua debe, akalijaza, akalileta nyumbani, kisha kikombe huchota katika debe. Twaweza kupiga hesabu. Tuseme faili lina baiti 1,000,000, na programu yataka kulisoma herufi baada ya herufi. Bila ghala, programu itapiga hodi mara 1,000,000. Ikiwa na ghala la baiti 4,096 itapiga hodi mara 245, basi.

Nimesema kupiga hodi, na nasema hivyo kwa makusudi. Programu haina ruhusa ya kuigusa diski kwa mkono wake. Katikati yupo bwana mkubwa aitwaye kerneli, ambaye ndiye moyo wa mfumo uendeshao kompyuta, kama Linux, Windows au macOS. Kerneli ndiye mwenye funguo za diski. Programu hubisha hodi kwake na kumwomba: nifungulie faili hili, nisomee hapa, niandikie hiki, nifungie. Katika Unix, mfumo ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1969, maombi hayo yana majina mafupi: "open", "read", "write", "close". Majina hayo bado yatumika mpaka leo katika Linux. Kila hodi ina gharama yake, kwa maana programu yasimama mlangoni, kerneli aangalia kama ina haki, kisha ndipo kazi ifanyike.

Sasa twafika kwenye maktaba. Nawaomba wasomaji wasichanganye. Katika lugha za programu, maktaba si chumba cha vitabu, bali ni mkusanyiko wa amri zilizokwisha andikwa na watu wengine, ili wewe usianze kila kitu upya. Dennis Ritchie alitengeneza lugha ya C mwanzoni mwa miaka ya 1970, na lugha yenyewe haina neno lolote la kusoma wala kuandika faili. Mambo hayo yote yamo ndani ya maktaba yake. Maktaba ya kusoma na kuandika tuijuayo leo ilitoka pamoja na Toleo la Saba la Unix mwaka 1979, ikaingizwa katika kanuni rasmi za C za Marekani mwaka 1989. Ndiyo hiyo yenye "fopen", "fprintf" na "fclose". Mwanafunzi akitumia "fprintf" hapigi hodi kwa kerneli. Maneno yake huwekwa katika bafa ndani ya programu yake mwenyewe, na maktaba hungoja bafa lijae ndipo ipeleke yote kwa hodi moja.

Nitoe mfano tulio nao wa bweni. Sisi tukaao bweni tukiandika barua kwa wazazi, humpa kiranja. Kiranja hendi ofisini kwa barua moja. Hungoja ziwe nyingi. Kisha humpa karani. Karani naye hendi posta kila saa. Huziweka mezani mpaka apate safari ya mjini. Posta nao wana mfuko wao. Mwandishi wa barua akiulizwa, "Umeandika nyumbani?" hujibu, "Nimekwisha peleka," kumbe barua iko chini ya mto wa kiranja. Kiranja ni maktaba ya lugha. Karani ni kerneli. Posta ni diski, na mfuko wa posta ni kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya diski yenyewe, kwa kuwa diski nazo zina ghala lao la ndani.

Karani wetu, yaani kerneli, huchelewesha kwa kiasi gani? Katika Linux, ikiwa hapana aliyebadilisha mipango, maandishi yaliyokwisha kaa katika kumbukumbu kwa sekunde kama 30 huhesabiwa kuwa yamekaa mno, na mtumishi wa kerneli huamka kila sekunde 5 kuyatafuta na kuyapeleka diskini. Kumbukumbu hiyo hukatwa kurasa kurasa, na katika kompyuta zetu za kawaida kila ukurasa ni baiti 4,096. Programu nyingine ikitaka kusoma faili hilo hilo, kerneli huipa maneno mapya kutoka kwenye kumbukumbu, ingawa diskini hayajafika. Ndiyo maana hatuoni kasoro yoyote siku za kawaida. Kila mtu asoma, kila mtu aona. Kasoro huonekana umeme ukizimika.

Basi sasa nieleze lile la hapa shuleni. Katika chumba cha vitabu mna kompyuta ya kuandikia vitabu vinavyoazimwa, na programu yake iliandikwa kwa lugha ya C na wanafunzi waliotutangulia, ambao wamekwisha maliza. Siku moja mwanafunzi wa kidato cha pili alikuwa na zamu tangu saa nane mchana. Aliazimisha vitabu 41. Kila alipoandika jina, kioo kilimjibu "Imeandikwa". Saa kumi na nusu umeme ulikatika, na kompyuta ile haina betri ya akiba. Jioni uliporudi, faili lilikuwa na maandishi ya jana na juzi, lakini ya siku ile hapana hata mstari mmoja. Ikasemwa ya kuwa kijana hakuandika kitu, amewagawia rafiki zake vitabu bure, na vitabu 41 vitalipwa na mzazi wake. Kijana alilia, akashikilia kwamba aliandika vyote. Wako waliomcheka.

Mimi nilifikiri hivi. Kama maneno yake yalifika kwa kerneli, basi ya saa nane na ya saa tisa yangekuwa diskini zamani, kwa kuwa kerneli hachelewi saa mbili na nusu. Angepoteza ya nusu dakika ya mwisho tu, yaani kitabu kimoja au viwili. Vimepotea vyote 41. Kwa hiyo ama kijana hakuandika, ama maneno hayakutoka mikononi mwa maktaba. Na hili la pili lapimika. Kila mstari katika faili lile una baiti 60, kwa sababu programu hujaza nafasi tupu ili mistari ilingane. Zidisha 60 kwa 41, utapata 2,460. Bafa la maktaba ya C katika kompyuta ile ni baiti 4,096. Halikujaa.

Tuliomba ruhusa, tukafanya jaribio mbele ya mwalimu anayehusika. Tulifungua faili jipya, tukaandika mistari, na mwenzangu kwenye dirisha la pili akawa anasoma ukubwa wa faili. Mstari wa 1: baiti 0. Mstari wa 41: baiti 0. Mstari wa 68, ambapo jumla ni 4,080: bado 0. Tulipoandika mstari wa 69, faili likaruka kwa ghafula kuwa baiti 4,096, si zaidi wala si pungufu. Tulipolifungua kusoma, mstari wa 69 ulikuwa na herufi 16 tu na jina la mwazimaji limekatwa katikati, maana maktaba haijui jina wala mstari. Yajua baiti, na debe likijaa limejaa. Kisha tukachomoa waya wa umeme, jambo ambalo mwalimu hakulipenda sana, lakini alikubali. Kompyuta ilipowaka tena, kila kilichokuwa ndani ya bafa hakikuwapo. Shauri la kulipa likafutwa siku ile ile, na vitabu vyenyewe vikatafutwa kwa kuuliza darasa baada ya darasa.

Yupo atakayeuliza: kwa nini basi kioo kilisema "Imeandikwa"? Hapa ndipo maktaba ya C ilipo na hila yake, na mimi naona ni jambo zuri kulijua. Maktaba hiyo ina tabia tatu. Ikiandika kwenye kioo cha mtu, hupeleka kila mstari unapokwisha, ili mtu asingoje. Ikiandika kwenye faili, hungoja bafa lijae. Na njia ya kutolea habari za hitilafu haina bafa kabisa, kwa kuwa habari mbaya haifai kungoja. Kwa hiyo neno "Imeandikwa" lilifika kiooni mara moja, na jina la mwazimaji likabaki nyuma, ingawa yote mawili yalitoka katika maktaba moja. Kioo hakikusema kweli, lakini nani angejua?

Yafaa pia kutofautisha namna tatu za kufa kwa programu, maana wenzangu huzichanganya. Programu ikimaliza kazi yake kwa desturi, maktaba humwaga bafa lake kabla ya kuondoka, na hakuna kinachopotea. Ndiyo sababu maandishi ya jana na juzi yalikuwapo: jioni zile programu ilifungwa vizuri. Programu ikiuawa kwa nguvu, kilichomo katika bafa la maktaba hupotea, lakini kilichokwisha fika kwa kerneli hubaki salama, kwa kuwa kerneli bado yu hai. Umeme ukikatika, hupotea vyote viwili.

Dawa yake ni amri mbili, nazo ni tofauti. Ya kwanza katika C huitwa "fflush". Hiyo humwambia kiranja apeleke barua zote kwa karani sasa hivi. Haimhusu karani. Ya pili huitwa "fsync", na hiyo humwambia kerneli apeleke maandishi ya faili hili diskini, na asirudi kujibu mpaka diski ikiri imepokea. Mtu akitumia "fsync" peke yake bila "fflush" hajafanya kitu, kwa sababu barua bado ziko kwa kiranja, na karani hawezi kupeleka asichokuwa nacho. Katika lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa kwanza mwaka 1991 nayo ndiyo tunayoanzia kidato cha kwanza, mistari yenyewe ni hii:

daftari.write(mstari)
daftari.flush()
os.fsync(daftari.fileno())

Python ina bafa lake mwenyewe, tena juu ya bafa mna tabaka jingine la kugeuza herufi kuwa baiti. Mpango huo wa matabaka ulifanywa upya kwa ajili ya Python 3, iliyotoka mwaka 2008. Chini kabisa mna tabaka linalobisha hodi kwa kerneli, katikati tabaka la bafa, na juu tabaka la maandishi, ambalo hushughulika pia na mwisho wa mstari, kwa kuwa Windows huweka alama mbili mwisho wa mstari na Linux huweka moja. Mtu akifungua picha kwa njia ya maandishi katika Windows aweza kuiharibu kwa sababu hiyo. Lakini hilo ni somo jingine.

Lugha nyingine zina desturi nyingine. Katika Java, faili likifunguliwa kwa njia ya kawaida ya baiti halina bafa. Mwandishi wa programu hulivika bafa mwenyewe akitaka. Lugha ya Go, iliyotangazwa mwaka 2009, hufanya vivyo hivyo: faili lake hubisha hodi kwa kila ombi, na atakaye ghala huchukua la baiti 4,096 katika sehemu iitwayo "bufio", na akisahau kulimwaga mwishoni, maneno ya mwisho hupotea hata kama programu imefungwa kwa amani. Rust nayo humtaka mtu aseme wazi kama ataka bafa. Mimi naona desturi ya lugha hizi ni bora kwa anayejifunza, kwa kuwa huona kwa macho mahali ghala lilipo. Mwenzangu mmoja abisha, asema mwanafunzi wa kidato cha kwanza hapaswi kusumbuliwa na maghala hata kidogo. Hatujapatana.

Tena amri ya kerneli ya kuandika haiahidi kuandika yote. Ukiiambia "andika baiti 10,000" yaweza kurudi ikasema "nimeandika 6,000", kwa mfano diski ikikaribia kujaa. Aliyebisha hodi mwenyewe sharti atazame jibu na kupeleka zilizobaki. Maktaba nzuri hufanya kazi hiyo kimya kimya, nayo ni sababu moja kubwa ya kuitumia.

Sasa mtu aweza kusema, kama "fsync" ndiyo dawa, kwa nini isitumike kila mara? Jibu ni gharama. Kwenye diski ya sahani, kila "fsync" hungoja sahani izunguke, na yaweza kuchukua sehemu 10 au 20 za elfu ya sekunde, au zaidi. Kwa vitabu 41 mchana mzima si kitu, hata hutaona. Kwa benki yenye maandishi maelfu kwa sekunde ni mzigo mzito, na wao hukusanya maombi ya watu wengi na kuyapeleka kwa "fsync" moja. Programu ya hifadhi iitwayo SQLite, iliyoanzishwa na Richard Hipp mwaka 2000 nayo imo ndani ya simu nyingi sana, hutumia daftari la pembeni: huandika kwanza atakalobadilisha, huhakikisha limefika diskini, kisha ndipo huligusa faili lenyewe. Umeme ukikatika katikati, hulisoma daftari la pembeni na kurudisha mambo kama yalivyokuwa.

Hata wataalamu wamebishana. Mwaka 2009 watu wengi waliotumia mfumo mpya wa mafaili wa Linux uitwao ext4 walikuta mafaili yao yana baiti 0 baada ya kompyuta kuzimika ghafula. Programu zilikuwa zikiandika faili jipya kisha kulipa jina la lile la zamani, bila "fsync". Mfumo wa zamani, ext3, kwa kawaida ulikuwa ukiyatoa maneno kwanza. Ext4 ulichelewa kuyapa mahali diskini, na badiliko la jina likafika kabla ya maneno yenyewe. Theodore Ts'o, mmoja wa watunzi wake, alieleza ya kuwa kwa kanuni programu ndizo zenye kosa, kwa kuwa hazikuomba. Lakini aliongeza pia marekebisho ili mfumo uyatoe maneno mapema katika hali kama hiyo. Nami naona alifanya busara, kwa maana aliyepoteza kazi yake hafarijiwi na kanuni. Njia iliyo salama ni hii: andika faili jipya kwa jina la muda, limwage, lipige "fsync", kisha ubadili jina, halafu upige "fsync" kabati lenye faili hilo, kwa kuwa jina nalo ni maandishi yanayokaa diskini. Kwa njia hiyo umeme ukikatika utakuta ama faili la zamani zima ama jipya zima.

Lililonishangaza zaidi ni la mwaka 2018. Watu wa PostgreSQL, programu kubwa ya kutunza habari itumikayo na makampuni na serikali nyingi, waligundua ya kuwa kwa miaka kama 20 walikuwa wakiielewa "fsync" vibaya. Walidhani ikirudi na jibu la hitilafu, yatosha kuiomba tena. Kumbe Linux ikishindwa kuandika ukurasa diskini, hutoa habari ya hitilafu mara moja, kisha huuhesabu ukurasa ule kuwa safi. Ukiiomba tena hujibu "vema", ingawa maneno hayakuandikwa. Walirekebisha katika matoleo ya mwanzo wa mwaka 2019: sasa programu ikipata hitilafu hiyo husimama kabisa kwa makusudi, na inapoanza tena huyarudia mambo yote kutoka katika daftari lake la pembeni. Watu hao ni mabingwa wa kazi hii ulimwenguni, na amri yenyewe ni neno moja lenye herufi tano.

Kwa wenye kompyuta za macOS nyumbani, jueni pia kwamba huko "fsync" hupeleka maneno mpaka kwenye diski lakini haiilazimishi diski kumwaga ghala lake la ndani. Kwa hilo mna ombi jingine, liitwalo F_FULLFSYNC.

Programu ya chumba cha vitabu imekwisha badilishwa. Baada ya kila mstari mna "fflush" na "fsync", majibu yote mawili hutazamwa, na neno "Imeandikwa" halitokei kiooni mpaka "fsync" irudi na jibu jema. Likirudi baya, kioo husema "Haikuandikwa, tumia daftari la karatasi". Tumepima: msubiri hangoji hata nusu sekunde. Programu ya zamani tumeiacha katika kompyuta ya mwisho dirishani, kwa jina la "zamani", kwa yeyote atakaye kuhesabu mistari mwenyewe mpaka ule wa 69. Ila waya wa umeme usichomolewe bila mwalimu kuwapo.